Kichwa cha Pacha Wake

Mwanafunzi huyu aliitwa Wembe, na asikudanganye mtu kwamba ni kwa sababu ya kazi aliyosomea. Wasusi si watu wa wembe. Wao ni watu wa chanuo, uzi na subira. Jina lilitokana na mdomo. Ukimsalimia vibaya anakukata, ukimsalimia vizuri anakuuliza unataka nini. Wenzake chuoni walikuwa wameshajifunza kumpitia mbali, naye aliona hiyo ndiyo heshima. Usianze kumhurumia mapema. Kulikuwa na mwenzake aliyestahili huruma zaidi, na aliyemuumiza ni huyuhuyu.

Alilelewa na shangazi yake, mwenye saluni ndogo ya kando ya barabara, mwanamke aliyeweza kusuka kutwa nzima bila kukaa na asiyeelewa kwa nini wengine wanakaa. Mle ndani mtoto alijifunza mambo mawili: kusoma kichwa cha mtu, na kutolalamika. La kwanza alilimudu kweli. Shangazi alikuwa akimwita, "Njoo uone hapa, hii nini?" naye, angali na meno ya utoto, anajibu bila kusita: hii mba, hapa dawa imekaa mno, huyu anabana nywele kupita kiasi. Wateja walicheka, shangazi alivimba kichwa, na mtoto akakua akiamini kwamba jicho lake halikosei na kwamba akishaona kitu ni lazima akitangaze.

La pili halikuwa na somo refu. Siku moja alirudi kutoka shule analia, na hata mwenyewe hajui analilia nini. Shangazi alimtazama kupitia kwenye kioo, mikono bado imo kichwani mwa mteja, akamwambia, "Kama huna kazi, zile taulo hazijafuliwa." Akazifua. Kilio kikaisha, au kilikwenda vinakokwenda vilio vya namna hiyo. Tangu hapo dawa ya machozi kwake ilikuwa taulo, na kila alipomwona mtu analia alitamani kumtupia moja.

Ndiyo maana aliwachukia watu wa fulana za njano. Chuo kilifundisha mambo mengi, ukatibu, ushonaji, umeme wa majumbani, na baadhi ya wanafunzi walikuwa wameunda chama cha kusaidiana wao kwa wao mambo ya moyoni yanapowazidi. Walikiita Nisikilize, na fulana zao zilikuwa za njano. Walibandika mabango kila ukuta, hadi mlangoni mwa choo: mtu ameshika kichwa kwa mikono miwili, na chini yake maneno, Hauko peke yako. Wembe alilisoma lile la chooni akatangaza kwa sauti, "Humu nataka kuwa peke yangu, na sitaki kusikilizwa." Foleni nzima ikacheka. Mwenyekiti wa chama, mwanafunzi wa ukatibu mwenye miwani na sauti ya chini, alikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Hakusema kitu. Wembe akahesabu huo kuwa ushindi.

Idara ya ususi ilikuwa na utaratibu wake. Mwalimu aliwagawa wanafunzi wawili wawili siku ya kwanza, na kila wawili wakaitwa pacha. Pacha wako anakusuka, nawe unamsuka. Unajifunzia juu ya kichwa chake, na mtihani wa mwisho wa vitendo unafanyika juu ya kichwa hichohicho, mbele ya watahini kutoka nje. Hakuna kuazima kichwa cha rafiki, hakuna kumleta mdogo wako. Mwalimu alisema msusi asiyewahi kukalia kiti hawezi kujua mkono wake unauma wapi. Ukikosa pacha, umekosa mtihani, na ukikosa mtihani unafunga begi.

Wembe alipangiwa binti mrefu, mkimya, mwenye vidole vyepesi kuliko vya mtu yeyote darasani. Ukisukwa na yule binti unaweza kusinzia. Tatizo ni kwamba mwenyewe hakusukika. Siku zote alikuwa amefunga kilemba, cha bluu au cha kahawia, kimekazwa hadi kwenye nyusi, na jina likamkaa: Kilemba. Kila Wembe aliposhika chanuo, pacha wake alikuwa na sababu. Kichwa kinauma. Nimetia mafuta ya nyumbani, hayajakauka. Leo niache tu, mwenzangu, nimeamka vibaya. Basi Wembe akawa anafanyia mazoezi kichwa cha plastiki, kile cha darasa zima, kisichosema hata "aah" ukikivuta, na chuki ikawa inapanda taratibu.

Halafu kulikuwa na zile ngazi. Bweni la wasichana lilikuwa na ngazi za saruji upande wa nyuma, na kila jioni, kabla ya chakula, wasusi walikaa pale mmoja chini ya mwingine, kila mmoja anamsuka aliye chini yake huku anasukwa na aliye juu yake. Ndipo umbea wote wa chuo ulipopita, kutoka juu kwenda chini, unaongezeka njiani. Kilemba alikaa ngazi ya juu kabisa, siku zote. Huko juu mikono yake ilikuwa na kazi na hakuna aliyekuwa nyuma yake. Wembe aliliona hilo akalifasiri alivyotaka. "Malkia wetu ameshapanda," alikuwa akisema. "Sisi tumshike miguu." Kilemba alitabasamu kwa adabu akaendelea kusuka, na tabasamu lile lilimkera Wembe kuliko tusi.

Siku ya majaribio ilifika. Mwalimu wa ususi, mama mnene mwenye koti jeupe na miwani iliyoning'inia kifuani, alisimama mlangoni mwa karakana akasema kwamba pacha wasioonyesha vichwa vyote viwili leo hawaandikishwi mtihani. Viti vikavutwa. Kilemba alimsuka Wembe mistari ya kulala, myembamba, imenyooka, kila mtu akaja kutazama. Kisha zamu ikageuka.

"Kaa," Wembe akasema.

"Pacha, naomba. Kichwa kinaniuma kweli leo."

"Kinauma tangu tuje hapa. Kaa."

"Nitazungumza na mwalimu mwenyewe."

"Utazungumza nini? Mimi nifeli kwa sababu wewe una kichwa cha kifalme?" Na kabla hajafikiri, kama kweli alikuwa na nia ya kufikiri, alishika ncha ya kilemba akavuta.

Kitambaa kilitoka chote kwa mara moja. Upande wa kulia wa kichwa na sehemu kubwa ya utosi palikuwa na mabaka matupu, ngozi inang'aa chini ya taa. Wembe alitazama, na jicho lililolelewa na shangazi likafanya kile lilichozoea, likatafuta jina la kitu na kulikabidhi mdomoni.

"Mapunye," alisema.

Neno lenyewe ulijue. Mapunye ni ugonjwa wa ngozi ya kichwa, wa kuambukiza, wa watoto wanaochezea mavumbi. Msusi kuwa na mapunye ni aibu ya aina yake. Waliokuwa karibu waliruka nyuma. Mmoja alitupa chanuo lake kwenye ndoo. Mwalimu alikuja, akavaa miwani, akatazama kwa mbali zaidi kuliko inavyostahili, akasoma sheria ya idara aliyoikariri: mwenye ugonjwa wa kuambukiza anatoka karakanani saa hiyohiyo, analala peke yake, na harudi hadi muuguzi wa zahanati ya chuo aseme amepona. Kilemba hakujitetea. Aliokota kitambaa chake, akakifunga mbele ya wote, akaondoka. Hakumtazama Wembe hata kidogo.

Walimhamishia chumba cha kupigia pasi, mwisho wa korido. Waliotaka kupiga pasi waliacha kupiga pasi. Wembe hakufeli, mwalimu alimpa pacha mwingine, binti ambaye mwenzake alikuwa ameacha masomo kwenda kuolewa. Kwa hiyo yeye mambo yalimnyookea. Wenzake walimsifu kwa jicho lake, na kwa siku kadhaa alitembea kifua mbele. Aliyekuwa anapotea ni mmoja tu. Mtihani ulikuwa unakaribia, Kilemba haendi zahanati, na bila neno la muuguzi safari yake ya chuo ilikuwa imekwisha. Kila mtu alishangaa kwa nini haendi. Walishangaa kwa mbali, maana hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Kwa kuwa Wembe ndiye aliyegundua, mwalimu alimpa yeye kazi ya kuchemsha vifaa na kuanika godoro ambalo mgonjwa aliliacha bwenini. Alikwenda akilalamika. Alipovuta kitanda kutoka ukutani alikuta kwenye ufa, kati ya godoro na ukuta, nywele. Hazikuwa za kwenye chanuo, zilizojisokota. Zilikuwa zimelala moja moja, nyingi sana, fupi kwa ndefu. Akaokota mmoja akausogeza dirishani. Kwenye ncha kulikuwa na kitu cheupe, kitunguu kidogo cha mzizi. Akaokota mwingine. Nao ulikuwa nacho.

Alikaa kwenye chuma cha kitanda. Unywele wa mapunye hukatikia juu ya ngozi, na ngozi hubanduka magamba. Magamba hakuyaona siku ile, wala hakuyatafuta. Mabaka yalikuwa upande wa kulia, mkono wa kulia unapofika bila taabu, na kisogoni hapakuguswa. Na zile nyusi, alizozitazama darasani muhula mzima, zilichorwa kwa penseli. Mtoto wa saluni angeliona hilo kwa kupita tu. Yeye hakuliona kwa sababu alikuwa amekasirika, na jicho lenye hasira huona haraka. Akaona haya hadi masikio yakawaka, na kwa kuwa hakujua kuona haya bila kugombana na mtu, akaenda kumtafuta Mwenyekiti.

Alimkuta kwenye darasa la ukatibu, anapanga viti.

"Nyie wa Nisikilize," Wembe alianza bila salamu. "Fulana mnazo, mabango mnayo. Kuna mtu anajing'oa nywele usiku kucha ndani ya bweni letu na hakuna aliyemsikiliza."

Mwenyekiti aliweka kiti chini. "Nani?"

"Unamjua."

"Namjua. Nilimfuata mwanzo wa muhula, kabla yako. Nilimwambia nipo. Akasema hana shida. Nikamwambia akiwa nayo anajua nilipo, na nikaacha hivyo, kwa sababu hatumvuti mtu kilemba." Sauti yake haikupanda, na hilo lilifanya iume zaidi. "Wewe ulikuwa unakaa ngazi moja chini yake kila jioni. Ulimfuata mara ngapi?"

Wembe alikishika kiti kilichokuwa karibu, akakisogeza bila sababu.

"Dada yangu anajing'oa kope," Mwenyekiti akasema. "Si uchawi na si wazimu. Wasiwasi ukimjaa mkono unapanda wenyewe, hata hajui kama umepanda, na akishang'oa anapumua kidogo, halafu anajichukia. Usimwambie aache. Angeweza angeacha. Kuna watu hospitalini wamesomea hilo, na mikono ikiwa na kazi inasaidia. Na usimtangaze. Ukimtangaza mara ya pili hatarudi."

"Nani amekwambia nataka kumtangaza?"

"Ndiyo kazi unayoijua," alisema Mwenyekiti akaendelea na viti vyake.

Wembe alitoka mle amekasirika kiasi kwamba alifika chumba cha pasi bila kukumbuka njia. Kilemba alikuwa amekaa juu ya meza ya kupigia pasi, miguu inaning'inia. Alipomwona, uso ulifunga.

"Umekuja kuona kama yameenea?"

"Si mapunye."

Kilemba alikikaza kitambaa chake.

"Nimeanika godoro lako. Nimeona. Nenda kwa muuguzi ukamwambie ukweli, akuandikie, urudi darasani. Ni dakika tu."

"Halafu waniite kichaa?"

"Sasa hivi wanakuita mwenye mapunye."

"Mapunye yanapona," Kilemba alisema.

Wakati wanatazamana namna ile, mkono wa kulia wa Kilemba ulipanda polepole, ukaingia chini ya kitambaa, ukaanza kutafuta. Macho yake yalikuwa bado kwa Wembe, yamejaa chuki, na mkono ulikuwa na safari yake. Wembe alikaribia kusema acha. Akalimeza. Kulikuwa na taulo kwenye kamba, na akajikuta ameivuta na kumtupia, kwa mazoea tu. Taulo ilimpiga Kilemba kifuani ikaanguka. Hakuna hata mmoja aliyecheka.

Basi akafanya kitu kingine, kwa kukosa la kufanya. Akakaa sakafuni, akampa mgongo, akafumua mstari mmoja wa nywele zake, kisha mwingine.

"Yule pacha niliyepewa ana mikono kama koleo," alisema kuuelekea mlango. "Sitakwenda kwenye mtihani na kichwa hiki. Nisuke."

"Nikusuke wewe?"

"Unaona mwingine humu?"

Meza ya pasi ikalia, miguu ikagusa sakafu. Kisha vidole vikamgusa kisogoni. Na havikuwa vile vyepesi vya kusinzia. Kilemba alimsuka kwa kukaza, alivuta kila unywele hadi macho ya Wembe yakalengwa machozi, alimsuka kama mtu anayelipiza. Wembe alijua kabisa kinachofanyika. Aliuma mdomo akakaa. Lakini mikono yote miwili ilikuwa kichwani mwake, na kwa muda wote ule haikupanda kwingine.

Kesho yake alifumua akarudi. Na kesho kutwa. Hakubembeleza, hakuuliza unajisikiaje. Mara moja Kilemba alimwambia, kisogo kwa uso, kwamba ilianza mwaka aliofiwa na mama yake, na kwamba baba alidhani ni panya wanaomtafuna nywele usiku. Wembe alikuwa na maneno matatu ya kusema kuhusu baba wa namna hiyo, akayazuia yote. Siku hiyo nywele zilivutwa kidogo kidogo tu.

Ila bweni lina macho. Wasusi waligundua Wembe anaingia chumba cha pasi, na wale waliomsifu kwa jicho lake wakaanza kusogeza vitanda mbali na chake. Pacha wake mpya alikataa kuguswa naye. Kwenye ngazi walimwachia nafasi kubwa pande zote. Alijifunza jinsi inavyokuwa kukaa hivyo, na hakupenda. Mwisho mwalimu akamwita ofisini.

"Naambiwa unakaa na mgonjwa halafu unashika vichwa vya watu," mwalimu alisema. "Umechanganyikiwa?"

"Hana mapunye, Mwalimu. Nilikosea."

"Wewe ndiye uliyesema."

"Nilisema, na nilikosea."

"Basi kama si mapunye, ni nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jibu sahihi lilikuwa ulimini, tayari, na lingemwokoa yeye na kumrudisha Kilemba darasani kwa pigo moja. Tangu utoto alikuwa akilipwa sifa kwa majibu ya namna hiyo. Mwalimu alisubiri, miwani mkononi.

"Ni dawa," Wembe akasema. "Ya kulainisha. Nilimpaka bila ruhusa nikifanya mazoezi, nikaiacha ikamuunguza. Niliposema mapunye nilikuwa najificha."

Mwalimu aliweka miwani mezani. Kumuunguza mtu kwa dawa bila usimamizi ilikuwa ndiyo dhambi kubwa ya idara ile. "Unajua maana yake."

"Najua."

"Hufanyi mtihani. Utarudia mwaka, kama mkuu wa chuo atakukubali. Kaa hapo nikamwite mwenzako arudi darasani."

Kilemba aliitwa. Aliingia amefunga kile cha bluu, mwalimu akamweleza kwamba mambo yamejulikana, kwamba pacha wake amekiri kumuunguza, na kwamba yeye yuko huru. Mtu mwingine angeshukuru, au angalau angenyamaza akaenda zake. Kilemba alimgeukia Wembe, na uso wake ulikuwa na hasira ambayo Wembe hakuwahi kuiona, hata siku ya kilemba kuvutwa.

"Nani alikuomba?"

"Nyamaza, urudi darasani," Wembe alisema.

"Nani alikuomba? Kwanza ulinivua nguo mbele za watu. Sasa unataka nikae darasani kwa hisani yako, kila nikikuona nikuinamie? Wewe? Sitaki. Nakuchukia, na sitaki kitu chako." Akamgeukia mwalimu, na akakivua kilemba yeye mwenyewe, akakiweka juu ya meza. "Hajaniunguza, Mwalimu. Hana hata ujasiri wa kushika dawa bila ruhusa. Ninajing'oa mwenyewe. Tangu nikiwa mdogo. Nikiwa na hofu najing'oa, na siwezi kuacha. Ndivyo ilivyo. Kama ni wazimu, semeni."

Alisema kwa chuki, ili asidaiwe wema na mtu asiyemtaka. Mimi sijali alisema kwa nini. Wapo wanaokufa na maneno hayo kifuani wakisubiri kuyasema kwa upole.

Mwalimu alivaa miwani. Safari hii alikuja karibu, akainamisha kile kichwa kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama inavyostahili, kwa vidole.

"Nimewahi kukutana na vichwa vya namna hii," alisema hatimaye. "Watu wawili watatu, kabla hamjazaliwa. Niliwapaka dawa ya mapunye." Akarudi kwenye kiti chake, akakaa kwa uzito. "Wewe, twende zahanati sasa hivi, tena mimi mwenyewe nakupeleka. Na mtihani mtaufanyia juu ya kichwa hichohicho. Wateja wenu watakuja na vichwa vya kila namna."

"Na mimi, Mwalimu?" Wembe aliuliza.

"Wewe umenidanganya ofisini kwangu. Taulo zote za karakana, hadi muhula uishe."

Muuguzi hakutoa dawa ya kupaka. Alimwandikia Kilemba barua ya kwenda hospitali kubwa, kwa mshauri ambaye alianza kwenda kumwona kila juma, na safari ya kwanza alisindikizwa na Mwenyekiti akiwa amevaa nguo za kawaida, si fulana ya njano. Usitegemee nikwambie nywele ziliota zote. Baadhi ziliota. Usiku mwingine mkono ulipanda kama kawaida, na asubuhi Kilemba aliamka amevimba macho, hataki kusemeshwa. Darasani wapo waliomwita vile alivyoogopa kuitwa. Mmoja alisema kwa sauti, karibu na sinki la kuoshea nywele, na Wembe, mikono imejaa povu la taulo, alimjibu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kilemba alimwambia apunguze mdomo, kwamba hajaajiriwa kuwa mlinzi.

Wiki ya mtihani, jioni, wasusi walikaa kwenye ngazi. Wembe alikuwa amewahi, na alikuwa amekaa juu kabisa. Kilemba alitoka bwenini kitambaa kikiwa begani, kichwa wazi, akasimama pembeni akitazama mahali pake pamechukuliwa.

"Shuka hapo," Wembe akasema, akionyesha ngazi ya chini yake.

"Unapanga watu tena?"

"Huku juu nakaa mimi. Shuka."

Ngazi ya tatu kutoka juu alikuwa amekaa binti wa mwaka wa kwanza, nywele zimefumuliwa, anasubiri mtu wa kumsuka. Kati yake na Wembe palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Kilemba aliitazama nafasi ile, akawatazama wote waliogeuza shingo. Mmoja alichelewa kurudisha macho.

"Wewe, tazama mbele," Wembe alimwambia. "Utasukwa upogo."

Kilemba alishuka akakaa. Akakishika kichwa cha binti wa mwaka wa kwanza kwa mikono miwili, akagawa nywele, akaanza. Nyuma yake Wembe alichukua chanuo, akaanzia kisogoni ambako nywele zilikuwepo, akapanda polepole. Alipofika kwenye baka la kwanza mabega ya mbele yake yakakakamaa. Vidole vikasimama, vikalizunguka baka lile, vikaendelea upande wa pili na mstari haukukatika.

"Bado nakuchukia," Kilemba alisema bila kugeuka.

"Najua. Inamisha kichwa."

Akainamisha.